Wasomaji Wauliza: Mfungaji wa Zamani Anapokabidhiwa Timu ya Taifa

Barua tunazozijibu safari hii zilitufikia kati ya Novemba na Desemba 2025, na zote zinamhusu mtu mmoja: Benni McCarthy, raia wa Afrika Kusini aliyetangazwa Machi 2025 kuwa kocha mkuu wa Harambee Stars, timu ya taifa ya soka ya Kenya. Baadhi ya wasomaji wanampenda, wengine wamemchoka, na wapo wanaotaka tu kujua alikotoka. Tumezifupisha barua hizo bila kubadilisha maana.

Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu na jioni huketi na wajukuu wangu kutazama mpira. Mjukuu wangu mkubwa anashikilia kwamba McCarthy alipewa Harambee Stars kwa sababu ya jina lake tu. Je, aliyecheza vizuri lazima afunze vizuri? Na kabla ya kuja kwetu, bwana huyu alikuwa amefunza wapi?
*Mwalimu mstaafu, Kariobangi Kusini*

Shikamoo, mwalimu. Swali la mjukuu wako ni zuri, ingawa sikubaliani na jibu alilolichagua. Jina McCarthy analo, tena kubwa, lakini tangu alipotundika daluga mwaka 2013 hadi alipokuja Nairobi palipita miaka 12 hivi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kujifunza kazi ambayo hakuwa anaijua.

Tuanze na uchezaji wake, maana hapo ndipo jina lilipotoka. Alizaliwa Novemba 1977 mjini Cape Town akakulia Hanover Park, mtaa wa eneo la Cape Flats ambako utawala wa ubaguzi wa rangi ulizirundika familia zilizong'olewa katika sehemu nyingine za jiji. Alianza kung'ara na klabu ya Seven Stars, Ajax ya Uholanzi ikamchukua mwaka 1997, akapitia Celta Vigo ya Uhispania, kisha akatua Porto, ambako alikutana na kocha José Mourinho. Msimu wa 2003-04 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Ureno kwa mabao 20. Februari 2004 aliifunga Manchester United mabao mawili mjini Porto, mechi ikamalizika 2-1. Mechi ya marudiano Old Trafford watu wanaikumbuka kwa sababu ya Mourinho aliyechomoka mbio kando ya uwanja akishangilia, lakini mpira wa adhabu uliozaa bao lile la dakika za mwisho, ule ambao kipa aliutema na Costinha akaumalizia, ulipigwa na McCarthy. Mei mwaka huohuo Porto iliilaza Monaco 3-0 mjini Gelsenkirchen na kutwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Baadaye, akiwa Blackburn Rovers, alifunga mabao 18 katika Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2006-07, na aliyemzidi ni Didier Drogba peke yake.

Hayo yote, mwalimu, hayamfundishi mtu kufunza, na wewe uliyesimama mbele ya ubao miaka mingi unalijua hilo kuliko mimi. Miaka michache iliyopita nilikuwa kando ya uwanja wa Camp Toyoyo, pale Jericho, nikimtazama mshambuliaji wa zamani wa ligi yetu akiwanoa vijana wa miaka 14. Kijana mmoja alikuwa akipiga krosi kwa kichwa na kila mara mpira ukipaa juu ya mlingoti. Kocha akamwambia, "Tazama," akaruka, akaushindilia chini kando ya kipa kama alivyokuwa akifanya enzi zake. Kijana akajaribu, ukapaa. Kocha akaruka tena, akafunga tena. Mchezo uliendelea hivyo mara tano au sita, mpaka msaidizi wake, mtu ambaye sidhani aliwahi kucheza ligi yoyote, alipomsogelea yule kijana, akamshika mabega akamgeuza kidogo, akamwambia arudi nyuma hatua mbili na asianze kukimbia kabla mpira haujatoka mguuni mwa mpigaji. Krosi iliyofuata iliingia wavuni. Yule mshambuliaji wa zamani alikuwa na kipaji ambacho hakuwahi kulazimika kukieleza, na siku ile alikuwa akijaribu kukieleza kwa mara ya kwanza.

McCarthy alikwenda kujifunzia kueleza huko Sint-Truiden, klabu ndogo ya Ubelgiji, ambako mwaka 2015 alianza kama kocha msaidizi. Mwaka 2017 alikabidhiwa Cape Town City, na mwaka 2018 akashinda nayo kombe la MTN8 la Afrika Kusini kwa mikwaju ya penalti dhidi ya SuperSport United. Mwaka 2019 matokeo yalipodorora akapigwa kalamu, jambo ambalo mimi naliona kuwa sehemu ya masomo yake. Desemba 2020 aliichukua AmaZulu ya Durban, timu iliyozoea kuhangaika chini ya jedwali, akaifikisha nafasi ya pili nyuma ya Mamelodi Sundowns na kuipeleka Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza. Kisha kuanzia 2022 hadi 2024 alikuwa katika benchi la ufundi la Manchester United chini ya Erik ten Hag, kazi yake ikiwa kuwanoa washambuliaji. Katika kipindi hicho klabu ilishinda Kombe la Ligi mwaka 2023 na Kombe la FA mwaka 2024, na Marcus Rashford akafunga mabao 30 katika mashindano yote ya msimu wa 2022-23.

Mwambie mjukuu basi kwamba akitaka kumpima kocha wetu aitazame AmaZulu kabla ya kuitazama Porto. Ule msimu wa Durban, ambapo alipewa kikosi cha kawaida akakipandisha, ndio unaofanana na kazi aliyoajiriwa kuifanya hapa.

Naomba kujua jambo moja tu. Wateja wangu wamebishana wiki nzima. Ni kweli kwamba bao la kwanza la Afrika Kusini katika Kombe la Dunia lilifungwa na McCarthy?
*Kinyozi, Kangemi*

Ni kweli. Lilifungwa Juni 1998 mjini Toulouse, Ufaransa, dhidi ya Denmark, na mechi ikaisha 1-1. Alikuwa na umri wa miaka 20. Mwezi Februari mwaka huohuo, katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililoandaliwa Burkina Faso, alikuwa amefunga mabao saba, manne kati yake katika mechi moja na Namibia kabla ya mapumziko, akatoshana na Hossam Hassan wa Misri kileleni mwa orodha ya wafungaji. Misri iliishinda Afrika Kusini 2-0 katika fainali. Mabao yake 31 bado ndiyo rekodi ya Bafana Bafana, timu ya taifa ya Afrika Kusini.

Waambie pia wateja wako jambo ambalo halitajwi sana: mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa nyumbani kwao, mfungaji huyo bora wa taifa aliachwa nje ya kikosi na kocha Carlos Alberto Parreira. Naona ni vyema kwamba anayetuchagulia wachezaji leo aliwahi kuisoma orodha asilikute jina lake.

Mhariri, nilikuwa Kasarani Agosti, nikaimba mpaka sauti ikanikauka. Wiki mbili baadaye nikarudi uwanja uleule kutazama Gambia wakitufunga matatu. Nieleze, timu ile ya CHAN ilikwenda wapi? Kocha ni yuleyule, uwanja ni uleule.
*Kijana shabiki, Kayole*

Ndugu yangu, mimi pia nilikuwa huko, na swali lako ndilo linalogusa kiini cha kazi ya kocha wa taifa, kwa hiyo uniwie radhi nikichukua nafasi kubwa kulijibu.

Mashindano ya CHAN, ubingwa wa mataifa ya Afrika, ni ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchi zao pekee. Maana yake ni kwamba McCarthy alikuwa na vijana wake kambini kwa majuma, akiwaona asubuhi na jioni, wakila pamoja, wakirudia zoezi lilelile mpaka miguu ikalizoea. Kundi letu lilikuwa na Morocco, Angola, Zambia na DR Congo, na wengi walidhani tungeaga mapema. Tukawashinda DR Congo 1-0 kwa bao la Austin Odhiambo. Tukatoka 1-1 na Angola baada ya Marvin Nabwire kuonyeshwa kadi nyekundu mapema. Tukawalaza Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam, na Chrispine Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kisha Ogam akafunga tena, Zambia nao wakalala 1-0. Hesabu vizuri hapo: katika mechi mbili kati ya nne tulicheza na watu kumi kwa muda mrefu, na katika mechi hizo mbili tulipata pointi nne, tatu kati yake dhidi ya Morocco, ambao hatimaye ndio waliotwaa kombe.

Kipindi cha pili cha mechi ya Morocco sitakisahau. Nilikuwa nimekaa upande wa goli lililoshambuliwa, na kilichonivutia zaidi ni umbali kati ya mabeki na viungo wetu. Kila Morocco walipohamisha mpira kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, mistari ile miwili ilisogea kwa pamoja kama watu wanaobeba meza, na aliyechelewa hatua moja alipigiwa kelele na mwenzake wa jirani kabla kocha hajafungua kinywa. Timu haiwi hivyo kwa hamasa ya mashabiki, hata kama tuliimba sana. Kusogea kwa pamoja namna ile hutokana na siku nyingi za mazoezi, na siku hizo McCarthy alikuwa nazo.

Kwa mechi za kufuzu Kombe la Dunia hana. Kalenda ya FIFA humpa dirisha fupi. Wachezaji wa ng'ambo huwasili mmojammoja, mwingine akiwa ametoka kucheza mechi ya klabu Jumapili na kulala ndani ya ndege, na mazoezi ya kikosi kizima huwa ya siku chache tu. Katika siku hizo kocha lazima aunganishe waliozoeana na wasiozoeana. Robo fainali yetu na Madagascar, ile tuliyotoka sare 1-1 kisha tukatolewa kwa penalti 4-3, ilichezwa tarehe 22 Agosti. Gambia walitufunga 3-1 tarehe 5 Septemba. Walioingia uwanjani siku hiyo walikuwa mchanganyiko mwingine, na ule mpangilio wa kusogea pamoja niliouona Agosti haukuwepo. Siku nne baadaye tuliifunga Shelisheli 5-0, na Oktoba tukaishinda Burundi 1-0 ugenini kabla ya Côte d'Ivoire kutulaza 3-0.

Kuna mechi nyingine ambayo huenda hukuitazama kwa makini, nayo ni ya kwanza kabisa aliyoisimamia, tarehe 20 Machi mjini Abidjan, ambako Gambia waliichezea mechi yao ya nyumbani. Tulikuwa nyuma 3-1 tukasawazisha 3-3 katika dakika za nyongeza. Siku tatu baadaye Gabon wakatushinda 2-1 hapa Nyayo. Ukiziweka mechi hizo zote kando ya zile za CHAN unaona kocha anayejua kujenga timu akipewa muda, ila bado hajaonyesha kwamba anaweza kuiunganisha kwa siku tatu. Huo ni ustadi wa pekee wa makocha wa mataifa, na klabu haimfundishi mtu ustadi huo kwa sababu kwenye klabu Jumatatu hufuatwa na Jumanne.

Kwa mhariri. Mabao manane! Senegal walitufunga manane Novemba, na hakuna aliyewajibika. Kocha wa kwetu angefungwa manane angelala nje siku hiyohiyo. Mbona huyu anabembelezwa? Afukuzwe, apewe Mkenya.
*Mwendesha bodaboda, Githurai*

Hasira yako ni ya haki, na mimi sitaipaka sukari. Kufungwa 8-0, hata kama mechi ilikuwa ya kirafiki na ikachezwa Antalya nchini Uturuki, ni aibu kwa jezi. Kocha anapaswa kueleza hadharani kwa nini timu iliendelea kufungua milango baada ya bao la tatu na la nne, wakati mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba ilihitaji kurudi nyuma na kufunga njia. Na uko sahihi katika jambo lingine pia: makocha wa Kenya wamekuwa wakipimwa kwa kipimo kikali kuliko wageni. Nimeliona hilo miaka yote niliyoandika kuhusu mchezo huu, na linaniudhi kama linavyokuudhi.

Hata hivyo kumfukuza sikubaliani nako. Kenya imecheza Kombe la Mataifa ya Afrika mara sita, yaani 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019, na katika mara zote hizo haijawahi kuvuka hatua ya makundi. Kati ya mara hizo tumebadilisha makocha wengi kiasi kwamba shabiki wa kawaida hawezi kuwataja wote kwa mfuatano, na kila anayekuja huanza upya, huita wachezaji wapya, huacha wa zamani, kisha naye huondoka kabla mimea yake haijatoa maua. Kipindi tulichovuna ni kile cha Marshall Mulwa, Mkenya, aliyeachwa afanye kazi yake na timu ikatwaa kombe la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Ninamtaja Mulwa kwa makusudi, kwa sababu unataka Mkenya na mimi ninataka muda, na yeye alikuwa navyo vyote viwili.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa Kenya, Tanzania na Uganda kuliandaa kwa pamoja. Mtu akiondolewa sasa, anayemrithi atakuwa na madirisha machache ya FIFA kabla ya kulikabili. Ningependelea McCarthy aendelee, aongezewe msaidizi Mkenya mwenye sauti, naye awe ndiye anayeandaliwa kurithi benchi. Akifika 2027 na kutolewa katika makundi, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuandika kwamba wakati wake umekwisha.

Mhariri, nimecheza ligi ya daraja la chini kwa miaka tisa mpaka goti liliponisaliti. Sasa nina umri wa miaka 31 na sijui kazi nyingine ila mpira. Ningependa kuwa kocha. Nianzie wapi, na je, kocha asiyeweza tena kukimbia atasikilizwa?
*Beki wa zamani, Woodley*

Pole kwa goti, kaka. Ngazi ya ukocha barani Afrika ni leseni za CAF, Shirikisho la Soka la Afrika, na hupandwa kutoka D, kisha C, B, A hadi ile ya juu kabisa inayoitwa Pro. Kozi za hapa nchini husimamiwa na Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, kwa hiyo mahali pa kuulizia ni ofisi za tawi lako. Usiione leseni D kuwa ya watoto kwa sababu ulicheza miaka tisa. Wanaoanguka katika kozi hizo, kwa nilivyoona, mara nyingi ni wale waliocheza sana, kwa sababu hufika wakidhani wanayajua tayari.

Kwa mfano wa karibu, mtazame Francis Kimanzi. Alicheza Mathare United, akaingia ukocha klabuni humohumo, akaiongoza kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 2008, na amekabidhiwa Harambee Stars zaidi ya mara moja. Njia yake ilipita mitaani mwetu, katika viwanja unavyovijua.

Ipo pia njia nyingine, ya uongozi. McDonald Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2010 chini ya Mourinho, kocha yuleyule aliyempa McCarthy medali miaka sita kabla, na leo Mariga ni makamu wa rais wa FKF. Wawili hao walitoka kwa mwalimu mmoja, mmoja akashika benchi na mwingine akashika ofisi. Lakini wewe umeniambia unataka uwanja, basi nakuelekeza uwanjani.

Kuhusu kusikilizwa, sahau mbio. Katika kozi utapimwa namna unavyolipanga zoezi, unavyolieleza na unavyolisahihisha likiharibika, na mtu mwenye goti bovu anaweza kuyafanya hayo yote akiwa amesimama. Wewe ulikuwa beki, na beki mzuri huongea dakika 90. Hicho tayari ni kipaji cha kazi hii. Usingoje tarehe ya kozi ndipo uanze. Nenda uwanja wa karibu nawe jioni wanapofanya mazoezi vijana wa chini ya miaka 13, mwombe kocha wao akuruhusu upange koni na kuchukua mahudhurio, na ununue daftari. Kila jioni andika zoezi lililofanywa, nani alilielewa, nani hakulielewa, na kocha alimwambia nini yule ambaye hakulielewa mpaka akalielewa.